Daktari Mwenye Jicho Moja

Katika sehemu hii ya Kiswahili yamezoeleka maisha ya wafalme, majemadari na watu waliovuka bahari. Mimi nimechagua daktari. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt, naye alifanya kazi katika Uganda hii yetu kwa muda wa miaka 20, akafariki mwaka wa 1993, kabla sisi tulio shuleni sasa hatujazaliwa. Jina lake limebaki katika vitabu kwa sababu lilipewa ugonjwa. Sidhani kama kuna mtu angeomba heshima ya namna hiyo, lakini ndiyo aliyoipata.

Kabla ya kumweleza mtu huyu, sina budi kueleza jinsi nilivyomfikia. Katika chumba chetu cha sayansi kuna fuvu la kichwa cha mtu. Si la mtu wa kweli, ni la plastiki, ingawa wanafunzi wa kidato cha kwanza huambiwa vingine na wakubwa wao ili waogope. Siku moja mwalimu wetu alitugawia njiti za ufagio, akatuamuru tutafute kila tundu lililo ndani na pembeni mwa shimo la jicho, tupitishe njiti, kisha tuandike inatokea wapi. Tulicheka, tukidhani kazi itakwisha mara moja. Ilituchukua vipindi viwili, na wengine hawakumaliza.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba shimo la jicho halikuchongwa katika mfupa mmoja. Ni mifupa saba iliyounganishwa kama mbao za seremala: wa paji la uso juu, wa shavu kwa nje, wa taya la juu chini, na mingine midogo kwa ndani na kwa nyuma. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba kama karatasi. Ukiwekwa mbele ya taa, mwanga hupenya. Shimo lenyewe ni pana kwa mbele, nalo hupungua likienda nyuma kama faneli ya kutilia mafuta ya taa. Huko nyuma kabisa kuna tundu la mviringo. Humo ndimo unamopita mshipa mkuu wa fahamu wa kuonea, kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo, pamoja na mshipa wa damu unaolilisha jicho. Kando ya tundu hilo kuna ufa mrefu uliolala mshazari, na kwa ufa huo hupita mishipa ya fahamu inayoligeuza jicho juu, chini na pembeni. Chini yake uko ufa mwingine, kati ya sakafu ya shimo na ukuta wa nje, ambao huongoza kwenye bonde lililofichika nyuma ya taya la juu. Penye pembe ya ndani karibu na pua kuna mfereji wa machozi unaoshukia puani. Ndiyo sababu mtu aliaye hutokwa na kamasi pia.

Matundu mengine unaweza kuyatafuta usoni mwako mwenyewe, wala hakuna haja ya fuvu. Weka ncha ya kidole chini ya nyusi, kwenye ukingo wa mfupa, ukisogeze polepole kutoka upande wa pua. Utakuta pengo dogo. Ukibonyeza utasikia maumivu kidogo. Kwa watu wengine hapo ni tundu kamili, kwa wengine ni kipengee tu, na yawezekana kabisa mtu mmoja akawa na tundu upande mmoja na kipengee upande wa pili. Sasa shusha kidole hadi chini ya jicho, kama upana wa kidole kutoka kwenye ukingo. Hapo lipo tundu jingine. Ukishuka zaidi kwa mstari huohuo hadi kwenye kidevu, utakuta la tatu katika taya la chini. Matundu haya matatu yako karibu katika mstari mmoja, na yote hupitisha matawi ya mshipa mmoja wa fahamu, ule wa tano kati ya mishipa ya kichwa, ambao kwa huo tunasikia nzi akitutua usoni au maji ya baridi yakitugusa asubuhi.

Njiti yangu niliiingiza katika lile tundu la chini ya jicho. Nilidhani itatokea mdomoni. Kumbe ilipita chini ya sakafu ya shimo la jicho kama maji katika kalvati, ikatokea katika mfereji mdogo juu ya sakafu hiyo, ikaelekea nyuma hadi kwenye ule ufa wa chini. Mwalimu akatueleza kwamba mshipa wa njia hiyo hutoa matawi kwa meno ya juu ukiwa safarini. Hivyo jicho, shavu, mdomo wa juu na meno ni majirani wenye ua mmoja. Niliposikia hayo nilimkumbuka mtoto mmoja wa kwetu Koboko, nami nitamweleza mbele. Jioni ile nilikwenda maktaba kutafuta ni nani aliyeufahamu ujirani huo, na humo nikakutana na Burkitt.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo lao, na siku za mapumziko alikuwa mpenzi wa ndege. Aliwakamata ndege wadogo wa bustanini mwake, akawavisha pete za madini miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege analinda eneo gani. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka mpaka leo kwa kazi hiyo. Nimeyataja haya kwa makusudi. Mtoto aliyekua akimwona baba yake akitia alama juu ya ramani hakuyasahau.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na wavulana wenzake likavunja miwani yake, na kipande cha kioo kikaingia katika jicho la kulia. Madaktari hawakuweza kuliokoa, wakalitoa. Tangu siku hiyo akawa na jicho la bandia upande huo. Mtu mwenye jicho moja hupoteza sehemu ya uwanja wa kuona wa upande mmoja. Hupoteza pia ile njia rahisi ya kupima umbali, kwa sababu macho mawili hutazama kitu kimoja kutoka mahali pawili, na ubongo hulinganisha. Jaribu kufumba jicho moja kisha utie uzi katika sindano. Halafu fikiri juu ya mtu aliyekuja kufanya kazi ya upasuaji kwa maisha yake yote namna hiyo.

Kwanza alikwenda Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuendelea sana, akahamia udaktari, akahitimu mwaka wa 1935. Mwaka wa 1938 alipata cheti cha juu cha upasuaji kule Edinburgh. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni huko Afrika ya Magharibi alikataliwa, kwa sababu hiyohiyo ya jicho. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua sana, likamchukua kuwa daktari. Akaletwa Kenya na Somalia, na likizoni akafika Uganda. Nchi ikampendeza. Mwaka wa 1943 alikuwa amemwoa Olive Rogers. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa, akapelekwa Uganda mwaka wa 1946.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika Lango. Hapo alikuwa daktari wa kila kitu: mivunjiko, uzazi, vidonda, homa. Lakini ona alichokifanya. Aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, naye akagundua kwamba karibu wote wanatoka mashariki mwa wilaya, na upande wa magharibi ni wachache mno. Daktari mwingine angepasua tu na kuendelea na kazi. Yeye alichukua ramani, akahesabu, na mwaka wa 1951 akachapisha matokeo yake. Mabusha yale huletwa na minyoo wadogo wanaochukuliwa na mbu, na mbu hawakai kila mahali sawasawa. Wakati habari ile inachapishwa alikuwa amekwisha kuhamia Kampala, kwenye Hospitali ya Mulago, tangu mwaka wa 1948. Huko pia alianzisha karakana ya kutengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kushikilia miguu iliyopooza, vitu vya bei ndogo ambavyo mwananchi angeweza kuvipata.

Sasa tumefika mwaka wa 1957. Daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote nne za taya: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, na meno yake yalikuwa yakilegea. Burkitt hakuweza kusema ni nini. Usaha wa jino hauji pande nne kwa pamoja, na uvimbe wa kansa kwa desturi huanza mahali pamoja. Akampiga picha, maana alikuwa na desturi ya kuwapiga picha wagonjwa wake, akabaki na fumbo lake. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa kazi, akatazama nje kwa dirisha la hospitali, akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompima alimkuta na uvimbe tumboni pia.

Wengi wanaposimulia maisha yake husimama hapa, kana kwamba bahati ilimwangukia. Mimi naona sivyo. Watoto wale walikuwepo siku zote. Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, aliandika habari za uvimbe wa taya la watoto katika madaftari yake. Madaktari wa baadaye waliwaona pia, lakini wa taya alipelekwa kwa huyu, wa tumbo kwa yule, wa jicho kwa mwingine, na kila mmoja akaandika jina lake mwenyewe la ugonjwa. Burkitt alirudi Mulago, akafungua faili za wagonjwa na za maiti zilizopasuliwa, akaziweka pamoja. Akaona kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini, wa mayai ya kike, na ule unaolisukuma jicho nje, vyote vinakuja kwa watoto walewale wa umri uleule, hasa miaka mitano hadi saba, wavulana wengi kuliko wasichana. Ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 aliandika habari hiyo katika jarida la upasuaji la Uingereza, na kwa muda watu hawakuitilia maanani. Mtaalamu wa kupima nyama za mwili, Gregory O'Conor, aliyekuwa Kampala wakati ule, akabainisha kwamba ni limfoma, yaani kansa ya chembe za damu nyeupe zinazolinda mwili. Ndiyo inayoitwa limfoma ya Burkitt.

Hapo njiti yangu ya ufagio ikapata maana. Uvimbe ukianza katika taya la juu, penye meno yanayoota, hauna ukuta mnene wa kuuzuia. Dari ya taya la juu ndiyo sakafu ya shimo la jicho, nayo ni nyembamba. Uvimbe huinyanyua au huila, hufuata nafasi na nyufa, huujaza ule mfereji wa chini ya jicho na kuubana mshipa wake, shavu na mdomo wa juu vikafa ganzi. Shimo la jicho la mtu mzima huchukua kama mililita 30 tu, na la mtoto hupungua kuliko hapo. Mifupa haitanuki, kitu kikiingia kutoka chini, jicho halina njia ila kutoka mbele. Mshipa wa kuonea nao huvutwa na kubanwa katika tundu lake la nyuma. Na uvimbe huu haungoji: hakuna kansa ya binadamu inayokua upesi kuupita huu. Chembe zake zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka wa 2019 mtoto wa baba mdogo, kule kwetu Koboko, alikuwa na miaka sita. Alilalamika jino. Fundi mmoja wa meno wa sokoni aliling'oa. Wiki iliyofuata jino la pili likalegea, naye akaling'oa hilo pia, akalipwa. Shavu likavimba. Nyumbani watu walianza kutafuta aliyemwonea wivu baba mdogo, maana alikuwa amenunua pikipiki. Siku kadhaa zikapotea katika maneno hayo. Aliyetuokoa ni bibi mmoja jirani, mkunga mstaafu, aliyekuja kwa ajili ya kuazima chungu. Alimtazama mtoto usoni mara moja tu, akauliza kwa nini jicho moja liko mbele kuliko jingine. Sisi tuliokaa naye kila siku hatukuwa tumeliona. Kesho yake alfajiri mama mdogo akampakia katika gari la kwenda Arua, kama kilometa 55, na barabara ilikuwa imekwisha tiwa lami, asante Mungu. Kutoka Arua wakaelekezwa mbele zaidi. Habari nyingine nitamalizia mwisho.

Nirudi kwa daktari. Alipokwisha kuutambua ugonjwa alitaka kujua unaishi wapi. Alipata msaada wa serikali wa pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma katika hospitali za Afrika akiuliza kama wamewaona. Majibu yakaja kutoka huku na huku, naye akayatia kwenye ramani kwa alama, kama baba yake na wale ndege. Ukatokea mkanda mpana uliokatiza katikati ya Afrika. Mwisho wa mkanda huo upande wa kusini haukuwa wazi. Basi akaamua kwenda mwenyewe.

Hapa West Nile inaingia. Maili chache kutoka Arua, kwa barabara ya kusini, ipo Hospitali ya Kuluva, iliyojengwa na wamisionari wa Africa Inland Mission. Daktari wake alikuwa Ted Williams, ambaye baadaye alisaidiwa na ndugu yake Peter, daktari pia. Ted Williams alikuwa mtu wa kuandika. Kila mgonjwa alimwandika: kijiji chake, umri wake, siku ugonjwa ulipoanza. Tena alikuwa hodari wa mashine, na kwa safari ya Afrika ya siku zile nafikiri sifa hiyo ilikuwa na uzito kuliko shahada. Mnamo Oktoba 1961 Burkitt, Williams na daktari wa tatu, Cliff Nelson, waliondoka Kampala katika gari la Ford lililokwisha tumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000, kupitia Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji na Rhodesia hadi Afrika ya Kusini na kurudi. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliwaonyesha madaktari na wauguzi picha, wakauliza swali lilelile, wakaandika jibu.

Jibu lililopatikana liliwashangaza. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana mahali palipopita futi 5,000 kwenda juu. Walivyoshuka kusini mpaka huo ulishuka nao, hata kufika futi 1,000. Kwanza walidhani ni habari ya urefu wa nchi. Baadaye ikafahamika kuwa ni habari ya joto na mvua: ugonjwa hukaa penye joto na unyevu wa kutosha, pale mbu wanapostawi. Milima ya Kigezi haikuwa nao, na Arua, iliyo kama futi 4,000, ilikuwa nao. Ndipo malaria ikaanza kushukiwa.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa London likizoni, akatoa mazungumzo katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Huyu aliposikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua alifikiri kwamba kuna kitu kinachoambukiza. Wakapatana: Burkitt atume vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu isitue London, ikatua Manchester, na chupa ikachelewa. Ilipofika maji yake yalikuwa machafu, ya kutupwa. Epstein akatia tone chini ya hadubini, akaona chembe hai za uvimbe zinaelea. Chembe hizo zikakuzwa, na mwaka wa 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na kansa ya binadamu.

Lakini likatokea tatizo. Ilijulikana baadaye kwamba virusi hivyo wanavyo karibu watu wote wa dunia, nao hawaugui kansa. Ilibidi kuuliza ni nini kinachowatofautisha watoto wachache. Swali hilo lilijibiwa hapa kwetu. Madaftari ya Kuluva ya miaka 1961 hadi 1965 yalichunguzwa, na mwaka wa 1967 Williams na wenzake walichapisha kwamba wagonjwa wa West Nile walikuja kwa makundi, mahali pamoja na wakati mmoja, ingawa miaka mingine makundi hayo hayakuonekana. Kisha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, la mjini Lyon, Ufaransa, likaweka kituo Arua. Kuanzia mwaka wa 1972 hadi 1974 watoto 42,000 wa West Nile, wasiozidi miaka minane, walitolewa damu kidogo, ikahifadhiwa katika barafu. Halafu watafiti wakangoja. Mtoto yeyote aliyeugua baadaye, damu yake ya zamani ilitafutwa. Mwaka wa 1978 Guy de-Thé na wenzake walitangaza: wale watoto wachache walioshikwa na ugonjwa walikuwa na kingamwili nyingi mno za virusi vile tangu zamani, kabla ya dalili yoyote. Leo inafahamika kwamba malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili na kuzichochea chembe zilizo na virusi hivyo, na siku moja chembe moja huharibika katika urithi wake na kuanza kujigawa bila breki.

Wakubwa wetu mliozaliwa kati ya mwaka wa 1964 na 1974, yamkini mmoja wenu alikuwa katika wale 42,000, akalia akidungwa sindano, wala hakuambiwa ni ya nini. Baba yangu anasema kaka yake anakumbuka gari jeupe na peremende. Ingefaa anayekumbuka zaidi atuandikie katika toleo lijalo, kwa sababu majina ya watafiti yameandikwa vitabuni, na ya waliotoa damu hayamo.

Kuhusu dawa, Burkitt kama mpasuaji alijua kwamba kisu hakifai kitu. Huwezi kukata taya zote nne na figo za mtoto. Mashine ya kutibu kwa miali haikuwepo Uganda. Basi akajaribu dawa za kansa, zilizokuwa bado changa, akaletewa na watafiti wa Marekani. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na watoto wengine waliopewa mara moja tu walipona kabisa, wakaishi. Katika miaka ya 1960 jambo hilo lilikuwa ajabu, kwa maana wengi hawakuamini kwamba kansa yoyote yaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka wa 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ni mwanzo wa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Kiliongozwa na John Ziegler wa Marekani, na alipoondoka kikashikwa na Charles Olweny, daktari wa Uganda, katika miaka ile migumu ya 1970 ambapo watu wengi walikimbia.

Burkitt mwenyewe aliondoka mwaka wa 1966, akaenda kufanya kazi London. Huko alishika hoja nyingine: kwamba watu wa Ulaya huugua matumbo kwa sababu wameondoa nyuzinyuzi katika chakula chao. Alizunguka dunia akihubiri unga usiokobolewa, maharage na mboga, tena akionyesha picha za kinyesi bila haya mbele ya mabwana na mabibi. Si yote aliyoyasema juu ya hilo yaliyokubaliwa na wataalamu waliofuata, ila ugali wetu wa muhogo na mtama na maharage ya kila siku, tunayoyalalamikia sana, angeyasifu. Mwaka wa 1972 alichaguliwa katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi, London. Alikuwa mtu wa sala tangu ujana, wala hakuificha imani yake wala kuisukuma. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 kule Gloucester, akiwa na miaka 82.

Mtoto wa baba mdogo alitibiwa kwa miezi kadhaa. Alitiwa dawa kwa dripu, na nyingine kwa sindano ya uti wa mgongo, nywele zote zikatoka. Wiki ile ya kwanza, mama mdogo alitupigia simu kwamba shavu limeshuka, hata hatukumsadiki. Jicho lilirudi mahali pake, lakini zile siku tulizopoteza zilikuwa na bei: kwa jicho hilo anaona mwanga tu, na kivuli cha mtu akipita. Sasa yuko darasa la saba, hukaa dawati la mbele upande wa kushoto. Ni golikipa mzuri, ila mpira ukija kutoka upande wa kulia hugeuza kichwa chote kama kuku.

Likizo iliyopita nilimchorea fuvu katika daftari, nikamweleza habari za Burkitt, na jiwe, na jicho la bandia. Alisikiliza kimya. Kisha nikamwonyesha lile tundu la chini ya jicho, nikamwambia abonyeze usoni mwake. Upande wa kushoto alikunja uso kwa maumivu. Upande wa kulia alibonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu, akaniuliza kama kweli anagusa mahali penyewe.